Machicha ya Popo wa Pemba

Vijana wangu, Jumamosi mlipokuja kwangu kuomba mbegu za kisiwani Pemba mzipande, niliwaonea huruma kabla hamjaketi, maana nilijua mtakachokiona. Nilitoa ile chupa ya jemu inayokaa nyuma ya redio, nikamimina mbegu za mvule kwenye bakuli la maji, nikawaambia mtazame. Mbegu hai huzama. Iliyokufa huelea. Mliziona zote zikibaki juu, zikizunguka kama majani ya chai. Kevo, kiongozi wenu, akakuna kichwa.

"Shosho, kwani hizi zote zishadedi?"

"Zote."

"Basi usijali, shosho. Tutatafuta zingine kwa nasari ya miche. Si ni mbegu tu?"

Hakusema kwa ubaya. Namjua tangu akibebwa mgongoni. Lakini neno hilo sijalisahau wiki nzima, na nimeona heri niwaandikie. Mbegu mmezikosa, basi chukueni habari zake. Tena najua hapa mtaani Mowlem mnaniita Mama Popo na hamjui kwa nini. Kuna mama mmoja wa gorofa ya tatu aliwahi kuwakataza wanawe kula mandazi yangu kwa sababu ya jina hilo. Leo mtajua, na mandazi mtanunua.

Kazi yangu kwa miaka mingi ilikuwa kuosha mavi ya popo. Cheka ukimaliza.

Kabla ya hapo nilikuwa kibarua, nachambua maharagwe kwenye stoo ya jumla Eastleigh. Tulikuwa wanawake wengi tumekaa chini na ungo, unatoa mawe, unatoa yaliyooza, unatoa ya rangi nyingine. Siku moja akaja mwanamke mrefu mwenye miwani, jina lake Bi Ndunge, mtafiti wa misitu, akasimama nyuma yetu akitutazama vidole. Akaniita mimi. Akaniuliza kama naogopa uchafu. Nikamwambia nimelea watoto wanne kwa beseni moja. Siku iliyofuata nilihamia mlango wa pili, kwenye stoo aliyokodi kati ya duka la mapazia na duka la viatu.

Mtauliza, msitu uko Pemba, mavi yanafanya nini Eastleigh? Ni kwa sababu ya mabasi. Gunia la mavi lilivuka bahari hadi Tanga, likapanda basi hadi Mombasa, likapanda jingine hadi Nairobi, na kule Eastleigh ndiko mizigo ilikoshushwa. Jirani yetu wa mapazia, Hodan, hakufurahi. Alikuwa akichoma uvumba wake mlangoni toka asubuhi, na bado harufu ilimshinda.

"Walahi, Nafula, hii harufu inafukuza kastoma yangu. Mtu anaingia kununua shiya, pazia jepesi ya dirisha, anatoka mbio."

"Mwambie ni mbolea."

"Mbolea ya nini? Hapa iko shamba?"

Lakini ndiye aliyeniletea shaah, chai yao ya maziwa, kila saa kumi, na alikuwa akiniwekea kikombe mbali na meza yangu, akikisukuma kwa kidole kana kwamba mimi ndiye popo.

Sasa sikilizeni kazi yenyewe. Popo wa Pemba si hawa wadogo wanaoingia kanisani wakati wa ibada ya jioni. Ni mkubwa, mabawa yake yakifunguka yanazidi urefu wa mtoto wa nasari, uso kama wa mbwa mdogo mwenye fikira, manyoya mekundu kifuani. Hali wadudu, hanyonyi damu. Anakula matunda. Analichukua tunda mdomoni, analitafuna, analibana kwa ulimi juu ya kaakaa mpaka maji yote yatoke, anameza maji, halafu anatema makapi yaliyokauka. Wapemba huyaita machicha, jina lile lile la nazi iliyokwisha kukamuliwa tui. Machicha ya popo ni kidonge bapa, na upande mmoja una mistari midogo midogo iliyopangana, alama za kaakaa lake. Mbegu nyingine hubaki humo, nyingine humezwa na kutoka kwa njia ile nyingine.

Na hapo ndipo palipokuwa na shughuli. Mvule haukui chini ya mama yake. Ni mti wa jua. Tunda likianguka pale pale kivulini, linaoza, na hata likichipua, mche unadhoofika na kufa. Lazima mtu alichukue alipeleke penye uwazi. Katika msitu ule wa bondeni, wenye joto na unyevu, mtu huyo alikuwa popo. Bi Ndunge alitaka kujua kitu kimoja tu: je, popo wa msitu ule bado wanabeba mvule? Mradi gunia lilikuja na mbegu zilikuwamo, kulikuwa na kibao cha utafiti msituni, kulikuwa na mlinzi, na wenye misumeno walipita mbali. Mlinzi huyo ndiye aliyetujazia magunia. Jina lake Mzee Kombo.

Alinifundisha kwa simu kabla hatujaonana. Nilikuwa nimeharibu gunia la kwanza lote. Nilitia maji moto, nikidhani uchafu hutoka haraka, nikapika mbegu kama ndengu. Bi Ndunge alikaa chini kwenye debe, akashika kichwa, hakunigombeza, na hilo lilikuwa baya zaidi. Akanipa simu.

"Mwanangu," Mzee Kombo akasema, "weye huko bara umezoea vitu vigumu. Hivi ni vichanga. Maji ya mtungi, usiku kucha, usivichokoze. Asubuhi utavikuta vimejitenga vyenyewe."

Hivyo ndivyo nilivyofanya tangu siku hiyo. Maji baridi. Kisha chujio la chai kwa mbegu za mvule, na soksi ya nailoni ya mwanamke kwa mbegu za mkuyu, maana hizo ni ndogo kuliko chawa. Unaanika juu ya gazeti, ndani, si nje. Nje nilijaribu mara moja, ndege shorewanda wakanifanyia karamu. Unasogeza mbegu kwa unyoya wa kuku, usitumie kucha. Vaa barakoa, glavu usizivue hata pua ikiwasha, maana vumbi la mavi ya popo linaweza kukaa kifuani likakulaza. Na usicheke karibu na gazeti. Siku Hodan aliponisimulia habari za shemeji yake nilipoteza kazi ya siku nzima kwa pumzi moja.

Hodan huyo huyo, mpagazi wake aliwahi kubeba gunia langu badala ya furushi la mapazia, akalipeleka Komarock kwa mama mmoja aliyekuwa akingoja wakwe. Mama yule akalifungua sebuleni mbele yao ili waone mapazia mapya. Nilipofika kulifuata, wakwe walikuwa wamehamia barazani, na yeye amesimama mlangoni ameshika mwiko. Lakini baadaye alinitumia ujumbe: sukuma wiki yake, pale alipomwaga kiasi, haijawahi kutoka vile. Akaomba gunia jingine.

Nacheka nikiandika, kisha nakumbuka mwisho wake na kicheko kinakata.

Bi Ndunge alinipeleka Pemba mara moja wakati kazi ikiwa nzuri. Nilikuwa nimeujua msitu ule kwa kinyesi chake tu, mbegu moja moja, na nikadhani naujua. Mzee Kombo alitupokea ukingoni, mtu mfupi, kofia ya viua imechakaa, mdomo mwekundu kwa tambuu, meno mawili ya mbele ya juu hayapo. Alisimama penye mti wa kwanza, akapiga hodi kama anayeingia nyumba ya watu, akangoja, kisha akatuambia twende. Ndani kulikuwa na giza la kijani na hewa nzito, kama jikoni pakichemshwa maharagwe mlango ukiwa umefungwa. Kaa walikuwa wakitembea chini ya majani makavu mbali na bahari. Ninga, wale njiwa wa kijani, walikuwa juu, wanasikika hawaonekani. Paa mdogo, si mkubwa kuliko mbuzi wa mwezi mmoja, alituangalia akatoweka. Halafu tukafika kwenye mvule wa popo.

Walining'inia huko juu mamia, kama nguo zilizoanikwa kwenye roshani zetu hapa siku ya Jumamosi, wanajipepea kwa bawa moja, wanagombana, wanasukumana. Chini yao Mzee Kombo alitandika mikeka ya ukindu aliyoisuka marehemu mkewe. Nilitazama juu nikaduwaa, mdomo wazi.

"Funga mdomo!" akapiga kelele.

Alichelewa kidogo. Alicheka mpaka akakaa chini. Akanipa maji nisukutue, akasema sasa nimekuwa mwenyeji.

Nilimuuliza haogopi kukaa humo peke yake. Akasema anaogopa kitu kimoja. "Wakihama hawa, mwanangu, mie nitalinda nini? Watu hawawezi kuacha mbao kwa sababu ya mzee. Wanaacha kwa sababu Bi Ndunge anakuja na watu wake, na kibao kipo. Na Bi Ndunge anakuja kwa sababu ya mavi. Basi mie naomba mavi."

Nilitaka kucheka, mpaka nikaona macho yake.

Miaka ikaenda. Magunia yakaanza kuwa mepesi. Bi Ndunge alikuwa na mambo mengi ya vikao, na siku hizo, mnisikilize, vijana wake walikuwa wakichukua chembe ya mavi kwa kijiti, wanaifunga kwenye kichupa, mashine inawaambia ni tunda gani. Ni haraka, na siwalaumu. Ungo wangu ulibakishiwa kazi ya machicha na kuhesabu mbegu hai. Nilikuwa peke yangu stoo siku nyingi.

Likaja gunia moja zito. Nilifurahi, nikamwita Hodan aje aone. Nikalimwaga kwenye karai. Mavi hayakuwamo, ila udongo na majani makavu, na machicha mengi sana ya mvule. Nikachukua moja nikaligeuza. Upande wa mistari haukuwa na mistari. Nikachukua la pili, la tatu. Yote laini. Pembeni palikuwa na alama za meno, na katikati yake pengo, meno mawili hayapo. Na machicha yale yalikuwa mekundu kidogo. Nikayanusa. Tambuu.

Hodan aliniona nimekaa. "Wewe, leo nini iko? Umeshikwa na presha?"

Nikamwonyesha. Alikuwa mwanamke wa maneno mengi, lakini siku ile alishika kidonge kile kwa vidole vyake visivyo na glavu, yeye aliyekuwa akiogopa hata kikombe changu, akakitazama sana. Akasema, "Huyu ni mtu mzima amekula matunda hii yote?" Kisha akaketi karibu nami.

Nilimpigia Mzee Kombo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Bara hamjambo?"

"Hatujambo. Nyumbani wazima?"

"Wazima. Mvua zipo. Gunia umelipata?"

"Nimelipata."

Nilisikia jogoo wa Pemba akiwika kwenye simu.

"Basi umeshayaona," akasema.

Akaniambia yote bila mimi kuuliza. Alikuwa amelazwa kwa homa. Siku hizo hizo wakaja watu na msumeno wa mashine, wakauangusha ule mvule wenyewe, mvule wa popo, wakapasua mbao pale pale. Popo walizunguka hewani wakilia, wakaondoka. Aliporudi alikuta kisiki na unga wa mbao, na mikeka ya mkewe imetumiwa kukalia. Popo wa Pemba hawajaisha, msielewe vibaya, wako kwingine kisiwani. Wetu ndio walioondoka. Alitandika mikeka mahali pengine, akangoja. Hawakurudi.

"Mivule iliyobaki ikazaa, mwanangu. Matunda tele. Yanaanguka chini, yanaoza miguuni mwa mama zao, mie natazama. Siku ya kwanza nikaokota moja nikalitafuna, nikameza maji, nikaenda kulitema kule penye kisiki, penye jua. Basi nikaendelea. Kila nikitembea nina tunda mdomoni. Watoto wananicheka njiani. Gunia lilikuja baadaye. Nilikuwa na machicha, weye unataka machicha, nikasema labda hutatambua."

"Mzee, mimi nimeyatazama miaka yote hii."

"Najua. Nilikuwa natumaini umezeeka macho."

Nililia, sitaki kuwaficha. Nilimwambia siwezi kuandika kwamba popo wapo. Akasema hataki niandike hivyo, na kwamba neno hilo ni lake, atamwambia Bi Ndunge mwenyewe kabla jua halijachwa. Na alimwambia. Bi Ndunge alikuja stoo siku ya pili akakaa kwenye lile debe, akashika kichwa vile vile kama siku ya maji moto. Alipigania ule msitu, hilo nalishuhudia. Lakini pasipo popo, waliokuwa wakimsaidia hawakuona cha kusaidia. Kibao kiling'olewa. Stoo ikawa ya viatu. Mimi nikapewa chupa ya jemu yenye mbegu zilizobaki, na mkono wa kwaheri, na kazi yangu ikaishia hapo.

Mzee Kombo hakulipwa tena na mtu, naye akaendelea kutafuna. Tulipoongea kwa simu nilisikia anazungumza huku ana kitu shavuni. Niliuliza, "Mzee, tambuu au mvule?" Akajibu, "Leo mvule," au, "Leo nimepumzika." Majibu ya kupumzika yakawa mengi.

Alipofariki sikuwahi mazishi. Nilifika kwenye hitima ya arobaini, kwa mchango wa Hodan ambaye alinifungia na shiya mpya ya nyumba ya marehemu asiyemjua, nikampa binti wa Mzee Kombo. Binti huyo, Maryamu, ndiye aliyenipeleka msituni asubuhi yake. Sitawaeleza msitu nilivyoukuta. Ninga hawakusikika. Mahali pengi anga lilikuwa wazi pasipostahili kuwa wazi.

Penye kisiki tulikuta miche ya mvule. Niliinua mkono nikashika majani, nikajua kwa kidole kabla ya jicho. Ilikuwa imenizidi urefu. Popo hutawanya mbegu ovyo, huku na kule, popote anapopita angani. Hii ilikuwa imejipanga mstari mmoja, ukingoni mwa njia ya miguu. Tukaufuata kurudi kijijini. Kadiri tulivyoukaribia mji ndivyo miche ilivyofupika. Penye kisima ilinifika kiunoni. Karibu na msikiti ilinifika magotini. Mingine mbuzi walikuwa wameshaikata. Maryamu hakuelewa kwa nini natembea nikilia, nikamweleza: kule mbali ni wakati babako alipokuwa na nguvu. Hapa ndipo miguu ilipoanza kukataa.

Mstari ulikwenda mpaka uani kwao. Barazani, pale alipokuwa akiketi siku zake za mwisho akiletewa matunda na wajukuu, katika ufa wa sakafu chini ya ukuta, palikuwa na mche wa mwisho. Ulikuwa na majani mawili.

Maryamu aliinama akaushika shingoni. "Nilikuwa nataka kuung'oa nikifagia," akasema. "Ukikua huu utapasua ukuta."

"Utapasua," nikamwambia.

Akauachia, akaenda kuleta maji.